Naomba ushauri: mgonjwa anangoja maumivu yapande ndipo ameze dawa

Jambo wandugu. Mama yetu mkubwa hapa Kadutu, Bukavu, yuko siku ya 9 tangu apasuliwe tumbo. Munganga aliandika parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na tramadoli, dawa kali zaidi ya maumivu, miligramu 50 pale tu maumivu yakizidi. Yeye anaruka parasetamoli mchana, usiku anateseka, ndipo anadai tramadoli mbili kwa mpigo. Zinamtapisha, na kutapika kunavuta mshono. Tena zinafunga choo. Akijikamua, maumivu yanarudi upya. Tumeongeza maji, papai na lengalenga (mchicha), choo kimeanza kulainika. Akikohoa anakumbatia mto mdogo juu ya kidonda, hilo linamsaidia kweli.

Kidonda ni kikavu, homa hana. Kinachotushinda ni hasira: hataki kuogeshwa na watoto wake, anageukia ukuta, hasemi.

Ninyi mliouguza, mnamshawishije mgonjwa ameze dawa kwa saa zake, kabla maumivu hayajapanda? Na kushuka hospitali kwa kontroli, yaani kuangaliwa tena na munganga, kwenye mteremko huu wenye mashimo, bila kumpandisha pikipiki, mlifanyaje?