Gusberi za uani Malindi: watoto wanazila mbichi, naombeni ushauri

Binti_Shela: Asalaam aleikum jamani. Shangazi alinletea miche ya gusberi toka Limuru nikaipanda uani, imenifika kiunoni, majani tele lakini maua yanadondoka, vitunda vinavyoshika vichache. Kinachonitia wasiwasi ni watoto, hawangoji, wanapasua kile kifuko kinachofunika tunda wanakula kijani hivo hivo. Kuna madhara? Na vikiiva nataka kupika jamu.

Shamba_Gede: Waaleikum salaam dada. Wakataze leo leo. Gusberi ni ukoo mmoja na nyanya, biringani na mnavu, ikiwa mbichi ina sumu ya solanini, inaumiza tumbo na kutapisha. Ngoja kifuko kikauke kama karatasi na tunda liwe manjano ya kuelekea chungwa. Likiiva laanguka lenyewe, we okota tu.

Jiko_la_Pwani: Mbona kwenye video za Meksiko wanasaga ya kijani na pilipili? Mie nilitaka kutia achari.

Shamba_Gede: Hiyo ni tomatiyo kaka, ndugu yake. Tunda kubwa, hujaza kifuko mpaka kinapasuka, na ukilimenya linanata vidoleni mpaka ulioshe. Hilo ndo linaloliwa kijani. Gusberi hii ya shangazi asili yake milima ya Andes, Peru na Kolombia, ndo maana joto letu laangusha maua. Dada jaribu miche mipya kusi ikiingia, mahali penye kivuli cha mchana, na samadi usizidishe utavuna majani matupu.

Mama_Mahamri: Jamu yake mie naipenda kuliko ya embe wallahi. Kilo moja ilioiva, sukari nusu kilo mpaka robo tatu, ndimu mbili. Ponda nusu, nusu iache nzima, moto mdogo, koroga usiondoke. Pektini, ile ya kugandisha jamu, inayo ya kutosha itaganda yenyewe, dondosha tone kwenye sahani ya baridi ulisukume na kidole, likikunjamana epua. Kama hazijatosha kupika ziache na vifuko vyake pakavu zinakaa wiki kadhaa, kusanya pole pole.

Binti_Shela: Shukran sana mama. Na huku njiani kuna kichaka kina vifuko hivo hivo ila tunda jekundu, je?

Shamba_Gede: Jekundu usiguse! Ashwaganda nayo ina kifuko na tunda jekundu, ile mizizi yake ni dawa, tunda si la kula. Watoto waonyeshe hicho kichaka wakijue, na utupie picha hapa tukione.