Boksi la seva ya mafaili ya nyumbani: plaiwudi, aluminiamu, au OptiPlex iliyotumika?

mwambao_tanga
Wakuu, habari za leo. Nataka kuunda seva ya mafaili ya kukaa nyumbani, na boksi lake litengenezwe hapahapa Tanga, si la dukani. Nimebaki na njia tatu na mwisho wa wiki nataka nianze kununua vifaa.

Ya kwanza: bodi ndogo ya kompyuta yenye prosesa ya N100 (saizi ya mini-ITX) ndani ya boksi la plaiwudi.
Ya pili: bodi hiyohiyo, boksi la aluminiamu. Fundi wa madirisha yupo mtaa wa pili.
Ya tatu: Dell OptiPlex (kompyuta ya ofisi) iliyotumika, niichomoe kwenye kasha lake niiweke kwenye boksi langu ili diski zienee.

Ipi bora? Asanteni.

nati_na_bolti
Mkuu, umeacha mambo ambayo bila hayo kila atakayekujibu atakuwa anabahatisha. Diski ngapi, na ni za inchi 3.5 au 2.5? Diski modeli gani? Boksi litakaa wapi? Una UPS (betri ya kushika umeme ukikatika)? Unahifadhi nini?

Ninachoweza kusema kabla hujajibu: ya tatu ifute. OptiPlex kuanzia 9020 hazina plagi ya pini 24, zina ya Dell wenyewe yenye pini chache, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta. Matundu ya skrubu na plagi ya swichi ya kuwashia navyo ni vyao. HP za ofisi ni hivyohivyo: ukichomoa feni yake, mashine inasimama wakati wa kuwaka na kukutolea kosa la feni. Mashine hizo ni nzuri zikibaki ndani ya kasha lake.

seremala_mtandao
Naunga mkono plaiwudi, ila iwe marine ya mm 12. MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) usiiguse ukiwa pwani. Inanyonya unyevu kwenye kingo, inavimba, skrubu zinalegea, na ikishavimba hairudi. Plaiwudi pia inameza mtetemo kuliko bati. Sebuleni utasikia tofauti usiku nyumba ikinyamaza.

Vipimo kwa diski nne za 3.5. Diski moja ina upana wa mm 101.6, urefu mm 147, unene mm 26.1. Zisimamishe kwa ubavu, moja kando ya nyingine, zikiachana mm 12. Unene wa diski nne ni 104.4, nafasi tatu ni 36, jumla 140.4. Huo ndio upana wa feni ya mm 140, kwa hiyo feni moja inayozunguka polepole inazipulizia zote nne. Ukitumia feni ya 120, zile za pembeni zinapata makombo.

Pawasaplai ya saizi ndogo ya SFX (125 × 63.5 × 100) isimame kando ya diski, chini. Bodi ikae juu kwenye rafu yake. Ndani ya boksi weka upana mm 220, kina mm 240, urefu mm 242: chumba cha chini 150, rafu 12, chumba cha juu 80. Kile kina cha 240 usikipunguze. Diski ni 147, feni 25, na nyuma ya diski plagi za SATA (za data na za umeme wa diski) zinahitaji kama mm 40 ili kebo zisikunjwe kwa nguvu.

bati_geji
Seremala, nakuheshimu, lakini ukuta wa nyuma hauwezi kuwa plaiwudi ya mm 12. Kile kibati cha poti za bodi kimetengenezwa kushika bati la unene wa kama mm 1. Tundu lake ni 158.75 × 44.45. Kwenye mm 12 hakishiki, na plagi za HDMI na za mtandao zitagota kwenye ubao kabla hazijaingia.

Kaka wa Tanga, fanya la aluminiamu. Usichukue vile vichuma vyembamba vya fremu za dirisha. Mwambie fundi akupe pembe ya 25 × 25 mm yenye unene wa mm 2, na bati la mm 1.5 au 2. Afunge kwa riveti za aluminiamu. Misumari na skrubu za chuma zikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, maungio yanaota unga mweupe na kulegea. Matundu yote yatobolewe, yapigwe msasa na boksi lisafishwe kwa brashi *kabla* bodi haijaingia mlangoni. Chenga moja ya aluminiamu chini ya bodi inatosha kuiua.

seremala_mtandao
Kuhusu ukuta wa nyuma uko sahihi, nakubali. Nyuma iwe bati, kuta nyingine plaiwudi. Lakini watu wasidhani aluminiamu inapoza diski. Kama diski haijagusana na bati, kinachopoza ni hewa inayopita. Boksi la chuma lisilo na njia ya hewa linachemka sawasawa na la mbao.

bati_geji
Sikusema linapoza. Faida yake ni ethi. Pawasaplai ikifungwa kwenye bati, boksi zima limeungana na ethi, na kelele za umeme hazisambai kwenye redio na televisheni ya jirani. Kwenye la mbao lazima uweke bati chini ya bodi, vijiguu vya shaba vilisimamie, na bati hilo liungwe kwa waya na mwili wa pawasaplai. Wengi hawafanyi.

Na ethi yenyewe iwepo ukutani. Pimeni. Nyumba nyingi tundu la tatu la soketi lipo lakini nyuma yake hakuna waya.

mwambao_tanga
Asanteni sana. Majibu: diski ni nne za 3.5, kila moja TB 8. Mbili nimezitoa kwenye diski za nje za WD, mbili ni Seagate mpya. Ni picha na video za studio, kazi za harusi, watu wawili wanaingia. Litakaa ndani ya kabati la televisheni, lina mlango wa kioo. UPS sina, nina stabilaiza.

nati_na_bolti
Modeli mkuu, modeli. Geuza diski usome lebo. "Seagate mpya" haitoshi.

kebo_mbili
Kabati la mlango wa kioo ni tatizo kubwa kuliko hoja ya mbao na aluminiamu. Feni ikitoa hewa ya moto ndani ya kabati, inaivuta hiyohiyo tena. Toa mlango, au toboa mgongo wa kabati.

Kuhusu hizo za WD: zikikataa kuwaka usidhani zimekufa. Diski nyingi za kutoka kwenye maboksi ya nje zinatumia pini ya tatu ya plagi ya umeme ya SATA kama swichi ya kuzima. Pawasaplai ikipeleka volti 3.3 pale, diski inakaa kimya. Dawa ni kuziba pini hiyo kwa kipande cha tepu ya Kapton, au kutumia kebo isiyo na waya wa volti 3.3.

Wengi kwa haraka wanakimbilia vile viadapta vya kutoka Molex (plagi ya umeme ya zamani) kwenda SATA, kwa sababu Molex haina 3.3. Hapo soma taarifa hii ya boksi moja lililoletwa kufanyiwa uchunguzi, kwa sababu ni karibu sawa na mpango wako.

Lilikuwa la mninga, limepigwa vanishi vizuri, diski nne. Malalamiko: diski mbili zinapotea zenyewe, kisha siku moja harufu ya kuungua. Kulifungua, cha kwanza ni diski zilivyofungwa: skrubu za M3 kwenye matundu ya 3.5, ambayo ni ya 6-32. M3 ni nyembamba, inaingia na kuonekana imeshika, kumbe inacheza. Vipande vya ubao vilivyoshika diski vilikuwa vimekauka na kusinyaa, diski zinagongana na ubao, na mtetemo wa moja unaingia kwenye nyingine. Feni ilikuwa moja ya mm 80, imewekwa juu ya kifuniko, inavuta hewa kutoka kwenye bodi. Kwenye diski hakuna hewa iliyopita. SMART (rekodi ya afya ambayo diski inajiandikia) ilikuwa imeandika nyuzi 58 kwa diski ya katikati.

Lakini kilichoungua ni adapta. Diski zote nne zilining'inia kwenye waya mmoja wa Molex uliogawanywa mara mbili, na plagi zake za SATA zilikuwa zile za plastiki iliyomiminwa pamoja na waya. Ndani ya plastiki hiyo nyaya zinaweza kusogea na kukaribiana, na plastiki ikipata moto waya wa volti 12 unagusa wa ethi. Diski ya 3.5 inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Zikianza nne pamoja ni ampea 8, wati 96 kwa sekunde chache, kupitia plagi moja. Umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa siku, mzigo huo unarudiwa mara tano. Plagi ilikuwa nyeusi, vanishi pembeni imefanya malengelenge. Diski moja ilikufa bodi yake ya umeme, nyingine ilisomeka.

Kwa hiyo: plagi ziwe za kubana, zile ambazo unaweza kuufungua mgongo wake ukaona kila waya peke yake. Diski mbili kwa kila waya unaotoka kwenye pawasaplai, si nne. Kwenye boksi la mbao kanuni hii haina msamaha.

seremala_mtandao
Mninga haukuwa na kosa hapo. Ubao mzima unasinyaa na kuvimba, ndiyo maana nimesema plaiwudi. Na diski zisifungwe kwenye ubao kabisa. Weka bati la aluminiamu la mm 2 juu na jingine chini ya zile diski nne, washa ya mpira kati ya diski na bati, skrubu ya 6-32 isiingie zaidi ya mm 3 ndani ya diski. Tumia matundu mawili ya mwisho, yaliyoachana mm 101.6, diski nyingi kubwa za siku hizi hazina tundu la katikati. Tundu la feni ya 140 skrubu zake zinaachana mm 124.5, na kwa ubao wa mm 12 bolti ziwe M4 za mm 45.

Mbele ya feni weka wavu laini wa dirisha, ule wa mbu, na feni *isukume* hewa ndani. Hewa ikisukumwa, vumbi linaingia kwa njia moja tu, nawe unasafisha wavu mmoja.

jua_volti12
Kwa nini mnahangaika na UPS? N100 na diski nne ni kama wati 35. Chukua betri ya 12V ya sola, weka Pico ya DC (pawasaplai ndogo inayokula umeme wa betri moja kwa moja), kwisha. Hakuna inverta inayopoteza umeme.

kebo_mbili
Hapana, hapana. Pico ya kawaida inapitisha volti 12 jinsi zilivyo, moja kwa moja hadi kwenye diski. Betri ya lithiamu ya 12V ikichajiwa inafika 14.4. Diski inataka 12 na mkengeuko mdogo. Utazichoma zote nne kwa pamoja mchana wa jua kali. Kama ni DC, iwe Pico ya masafa mapana, au kigeuzi cha kutoa 12 thabiti chenye uwezo wa ampea 10, kwa sababu ya zile 8 za kuanzia.

jua_volti12
Ya masafa mapana ndiyo niliyokusudia. Bado ni bora kuliko UPS ya betri ya asidi inayokufa baada ya miaka miwili.

nati_na_bolti
Inakufa, lakini ina waya wa USB. NUT (programu ya kufuatilia UPS) inasoma kwamba umeme umekatika na kuizima seva taratibu kabla betri haijaisha. Betri yako ya sola inamwambiaje seva? Stabilaiza nayo haisaidii kitu umeme ukikatika. Wati 35 ni kama uniti 25 kwa mwezi, UPS ya VA 650 inatosha kabisa kwa mzigo huo.

dada_zfs
Mwenye mada, mpango wako wa diski ni upi? TrueNAS (programu ya seva inayotunza mafaili kwa mfumo wa ZFS) inataka RAM GB 8 kwa uchache, weka 16. RAIDZ1 ya diski nne (nafasi ya diski moja inatumika kwa data ya kurejeshea) inakupa TB 24 na inavumilia kufa kwa diski moja. Vioo viwili (diski mbilimbili zenye nakala sawa) vinakupa 16, lakini kurudisha diski mpya ni haraka na salama zaidi. Kwa kazi za harusi za watu ningechagua vioo.

seremala_mtandao
OpenMediaVault (programu nyingine ya seva) na SnapRAID (inayotengeneza data ya kurejeshea kila unapoiendesha) inamtosha, mafaili ya harusi hayabadiliki yakishahaririwa. Diski zikifa mbili, zilizobaki bado zinasomeka peke yake kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Mambo ya ZFS ni mazito kwa watu wawili.

dada_zfs
SnapRAID haigundui faili lililoharibika mpaka uiendeshe. ZFS inakagua kila inaposoma. Mteja hawezi kufunga ndoa tena ili upige picha upya. Na vyovyote vile, RAID (diski kadhaa zinazolindana) si bakapu. Lazima pawe na nakala nje ya nyumba hiyo.

mwambao_tanga
Nimesoma lebo. Za WD ni WD80EMAZ. Za Seagate ni ST8000DM004. Boksi naelekea plaiwudi kuta tatu na bati nyuma. Mlango wa kabati nitautoa.

dada_zfs
Hapo sasa. ST8000DM004 ni SMR: njia za data zinalaliana kama vigae vya paa, ukiandika upya moja lazima za jirani ziandikwe tena. Kwenye ZFS, siku diski moja ikifa na nyingine inajazwa, kazi inaweza kuchukua siku nyingi au ikashindikana. Usiziweke kwenye kundi la ZFS. WD mbili zifanye kioo, TB 8. Seagate ziwe bakapu, moja nyumbani, moja studio.

seremala_mtandao
Au SnapRAID, ambayo SMR haiisumbui hivyo kwa mafaili makubwa yasiyobadilika, na anabaki na TB 24 kati ya 32.

bati_geji
Kama diski za ndani zimekuwa mbili, vile vipimo vyote vya boksi vinabadilika. Feni ya 120 inatosha.

mwambao_tanga
Sijazifungua zile Seagate, risiti ninayo. Je, nizirudishe nibadilishe na za CMR (zisizolaliana), au nizibakishe kwa bakapu? Fundi amesema anakata plaiwudi Jumamosi.

nati_na_bolti
Mwambie akate vya diski nne.

dada_zfs
Mwambie asubiri.