Vyambo bandia vya besi: boksi limejaa rangi zote ila samaki anafuata tu halafu anageuka

MshipiMmoja:
Habari za humu wakuu. Naomba msaada hasa kwa nyie mnaovua besi mdomo mkubwa maana huyu samaki ananipa tabu kwelikweli. Nina rodi ya futi 7 imeandikwa MH (yaani ngumu kiasi), rili ya spining saizi 3000, ile inayoning'inia chini ya rodi, mshipi ni nailoni ya pauni 8 (nguvu unayohimili kabla haujakatika) uliokuja na rili yenyewe. Vyambo ninavyo vingi mno, nilichukua ile seti inayouzwa na boksi lake, humo kuna samaki wa plastiki wenye ulimi mbele, minyoo ya raba, popa (ile inayopiga maji kwa juu), chura wa raba, vile vyenye bati linalozunguka, rangi zote unazozijua zimo.

Shida iko hivi, natupa, besi anakuja namwona kabisa anafuata mpaka karibu na miguu yangu halafu anageuka zake. Wa kwenye magugu ndo balaa, anampiga chura mpaka maji yanaruka, nikivuta chura anarudi peke yake. Na vile vyambo vidogo havifiki popote, vinaangukia hapo hapo mbele yangu hata nitupe kwa nguvu vipi. Sasa nataka kujua rangi gani inaliwa zaidi, na je nitafute rili ya beitikasta, ile inayokaa juu ya rodi, au hii inatosha? Maji ninayovua yana magugu pembeni, kwa ndani kuna miti iliyozama, sio meupe sana ila sio tope.

ChubwiNzito:
Mkuu rangi weka pembeni kwanza, hilo ni swali la mwisho kabisa. Chukua hiyo rodi yako angalia juu kidogo ya mkono, kuna maandishi madogo watu wengi hawayasomi. Rodi nyingi za MH utakuta imeandikwa uzito wa chambo 1/4 mpaka 3/4 oz, hiyo ni kama gramu 7 mpaka 21, na mshipi pauni 10 mpaka 17 hivi. Sasa wewe unaitupia kitu cha gramu 3, rodi haijipindi hata kidogo, na rodi isipojipinda hairushi, ndo maana kinaanguka miguuni. Halafu mshipi wako wa pauni 8 uko chini ya kile rodi inachotaka, ukimvuta besi aliyeingia kwenye mti kwa rodi ngumu hivyo ujue mshipi utakuwa wa kwanza kusalimu amri. Kwa hiyo rodi, mshipi na chambo lazima vikubaliane, hakuna rangi itakayokusaidia hapo.

Ukishamaliza hilo unajiuliza samaki kakaa wapi, juu, ndani ya magugu au chini kwenye miti, chambo unakichagua kwa hilo. Kwa maji uliyoyaeleza mimi ningetoa vitu vitatu tu kwenye hilo boksi, mnyoo wa raba, spinabaiti na chura. Spinabaiti ndo ile ya waya uliokunjwa yenye bati juu na sketi ya raba chini, gramu 10 mpaka 14, hiyo unaipitisha kandokando ya magugu na juu ya matawi, ule waya unakinga ndoana isinase ovyo na bati linatikisa maji, besi anausikia mtikisiko kupitia ule mstari wa ubavuni hata kama haoni vizuri. Wale wenye ulimi waache kwanza, sio kwamba ni wabaya, ila ndoana zao za kucha tatu ukiwapeleka kwenye miti iliyozama utawaacha huko huko wote. Na ujue ulimi mrefu maana yake kinazama sana, mfupi kinakaa juu, watu wanachagua sura ya samaki wakati cha kuangalia ni ulimi.

Mnyoo ndo nataka uufunge vizuri maana naona wengi wanakosea hapa. Tafuta chubwi yenye umbo la risasi, tundu limepita katikati, gramu 7 inatosha, ipitishe kwenye mshipi ncha nyembamba ikiangalia kwenye rodi. Kisha funga ndoana ya ofseti, ile yenye kona karibu na tundu la kufungia, saizi 3/0 kwa mnyoo wa sentimita 15 hivi. Choma kichwa cha mnyoo katikati kabisa, ncha iingie kama nusu sentimita halafu itokee ubavuni, vuta mpaka kichwa kikae kwenye ile kona, sasa geuza ndoana nusu duara ielekee mwili wa mnyoo. Ilaze kando ya mnyoo uone pindo la ndoana linagusa wapi, hapo ndo pa kuchoma, kunja mnyoo kidogo upitishe ncha mpaka itokeze upande wa pili halafu irudishe ijifiche kwenye ngozi tu, isiingie ndani sana. Mwisho mnyoo uwe umenyooka, ukiona umejikunja toa uchome upya, ukijikunja utazunguka ndani ya maji na mshipi wote utajisokota. Huo unapita kwenye matawi bila kunasa, unautupa unaacha uzame mpaka mshipi ulegee, unanyanyua rodi polepole, unaacha ushuke tena. Na macho yako kwenye mshipi, mara nyingi anakula wakati unashuka, utasikia tik moja tu au utaona mshipi unatembea pembeni.

Beitikasta sio lazima. Spining 3000 inafanya kazi zote hizo.

Mama_Besi:
ChubwiNzito kasema vizuri ila kwenye chura kapita haraka na kijana kaulizia hilo hasa. Mwanangu sikiliza, besi hang'ati kama mbwa, anafungua mdomo ghafla maji yanaingia kwa nguvu na chambo kinafuata maji. Juu ya magugu anavuta chura pamoja na majani yote, sasa wewe ukiona maji yameruka unashtuka unavuta hapo hapo, unamtoa chura mdomoni kabla hajafunga. Maji yakiruka usifanye kitu, shusha rodi, zungusha rili kutoa ulegevu, ukisikia uzito ndo unapiga kwelikweli na unaendelea kuvuta bila kumpa nafasi ageuze kichwa, akizama kwenye mizizi umempoteza.

Na hiyo nailoni haifai kwa chura, nailoni inavutika, ukipiga nguvu yote inaishia kwenye mshipi na ndoana haichomi. Weka mshipi wa kusuka, wenye chura wengi wanatumia pauni 50 mpaka 65, kwa spining 3000 weka hata 30 maana wa kusuka ni mwembamba ila mgumu, na unakata majani unapovuta. Kitu kingine mbonyeze huyo chura wako kwa vidole, mwili ukiwa mgumu mpaka unatumia nguvu ndo ndoana zitokeze basi na samaki hawezi kuubonyeza. Vyura wa seti wengi wako hivyo. Unaweza kuzipanua ndoana kidogo sana kwa koleo zitoke nje kidogo ya mgongo, ila kidogo tu, ukizidisha anaanza kunasa majani.

RiliMbovu:
Na popa je mbona mmeisahau, asubuhi mapema na jioni maji yakitulia hakuna kinachoishinda. Ila mkuu usije ukaifunga kwenye fluorokaboni, ule mshipi unazama unavuta mdomo wa popa chini badala ya kupiga maji inatoboa tu. Popa ni nailoni au wa kusuka, wa kusuka unaelea na nailoni inazama polepole sana. Wa kusuka ukitumia weka kipande cha nailoni mbele kama futi moja na nusu hivi usije ukajizungushia kwenye ndoana za mbele, ukiwa laini sana unafanya hivyo.

ChubwiNzito:
Sawa kabisa, na fluorokaboni kazi yake iko kwenye mnyoo na vyambo vya chini, unazama wenyewe, haukatwi kirahisi na mawe, na unapindisha mwanga karibu sawa na maji, maji ni 1.33 wenyewe ni kama 1.42, nailoni iko juu zaidi ya hapo. Hauonekani kirahisi ila tusidanganyane kwamba hauonekani kabisa.

Kambale_Mkuu:
Mnamchosha mwenzenu na plastiki. Mwaka 2009 yule Mjapani Manabu Kurita pale ziwa Biwa alitoa besi wa kilo 10 na kidogo, akalingana na rekodi ya George Perry wa Georgia Marekani iliyokaa toka 1932, na alitumia samaki mdogo mzima akiwa hai. Weka chambo hai kaa chini subiri.

Mama_Besi:
Kambale ndugu yangu hatukatai chambo hai kinavua, ila kwanza kuna maji mengi hairuhusiwi kutumia samaki hai maana wakitoroka au ukiwamwaga unahamishia aina ngeni na magonjwa, mtu aulize sheria za maji anayovua. Pili besi mara nyingi anakimeza mpaka tumboni, ukitaka kumrudisha majini anaweza kufa. Na kijana kauliza vyambo bandia bwana.

Kambale_Mkuu:
Haya mama nimenyamaza 😅

MshipiMmoja:
Asanteni sana wakuu, na mama shikamoo. Nimesoma rodi yangu kweli imeandikwa 1/4 mpaka 3/4 na mshipi 10 mpaka 17, sikuwa nimejua kama yale maandishi yana maana. Chura wangu nimembonyeza ni mgumu kama soli ya kiatu. Maswali mawili tu, je nitakuwa nabadilisha mshipi kila nikibadilisha chambo? Na la pili, nimefungua boksi nimekuta minyoo imeyeyuka imegandana na wale samaki wenye ulimi, rangi yote imetoka imekuwa uji, hii ni joto au?

Halafu yule anayefuata na kugeuka hamjanijibu.

ChubwiNzito:
Sio joto peke yake. Raba laini ina mafuta ya kuilainisha na hayo mafuta yanakula rangi na plastiki ngumu, hata aina mbili tofauti za raba zikilala pamoja zinaweza kuyeyushana. Minyoo iache kwenye pakiti yake ya asili ifunge vizuri, usiimwage kwenye vyumba vya boksi hata kama inapendeza kuiangalia. Wale walioharibika tu usiwatupe majini, samaki akimeza raba inavimba tumboni.

Mshipi tafuta spuli ya pili ya rili yako, nyingi zinauzwa peke yake. Moja weka wa kusuka pauni 30 kwa chura na magugu, nyingine nailoni au fluorokaboni ya pauni 10 au 12 kwa mnyoo na spinabaiti. Wa kusuka anza kwanza na nailoni kidogo chini ya spuli, ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma unateleza, utazungusha rili na mshipi wote unazunguka kwenye spuli wala huvuti kitu. Na usijaze mpaka ukingoni, acha milimita mbili tatu, spuli iliyofurika ndo inakupa yale mafundo ya kukatisha tamaa. Breki ya rili ifunge mpaka iachie mshipi kwenye kama robo au theluthi ya nguvu yake, kwa pauni 12 iwe inaachia kwenye pauni 3 au 4 hivi, ipime kwa mzani wa kuning'iniza kabla hujaingia majini. Ila kwenye chura na magugu wengi wanaikaza kabisa.

Anayefuata halafu anageuka tayari kakiona, kwa hiyo kumtafuta sio shida tena. Kinachomfukuza mara nyingi ni mwendo ule ule usiobadilika, chambo kinakuja moja kwa moja kwa kasi moja toka mwanzo mpaka mwisho. Simamisha ghafla, acha kizame kidogo, kiharakishe hatua mbili, wenye ulimi ukiwagongesha kwenye jiwe au gogo na kuwaachia ndo wanapigwa papo hapo. Akikataa bado, kaa na mnyoo mwingine pembeni usio na chubwi umechomwa ndoana katikati ya mwili, dondosha pale alipogeukia uache uzame wenyewe mkao wa kulala, ncha zote mbili zinatetemeka, usifanye kitu chochote. Na usisimame ukingoni kabisa mkuu, ukimwona wewe vizuri na yeye kakuona.

RiliMbovu:
Na maji yakiwa baridi punguza kasi ya kila kitu, huyu damu yake inafuata joto la maji, chini ya nyuzi 10 anakula kivivu hasumbuki kufukuza kitu. Kuanzia 15 mpaka 20 ndo wanakuja kwenye kina kifupi kutaga, hapo utawaona wengi ila ukimtoa kwenye kiota mrudishe haraka, vidagaa vya pembeni vinakula mayai dume akiwa hayupo.

MshipiMmoja:
Sasa rangi jamani, mlisema mwisho 😂

Mama_Besi:
Haya mwanangu. Macho ya besi yanashika nyekundu na kijani zaidi, bluu na nyeusi hazitofautishi vizuri, kwa hiyo hizo rangi za kumvutia mvuvi dukani nyingi yeye hazimhusu. Maji meupe weka kijani cha tikiti au kahawia iliyopoa. Maji yakichafuka weka nyeusi ichanganywe na bluu maana inatoa kivuli kinachoonekana, au ile njano ya kung'aa kwenye spinabaiti. Nyekundu ukishuka chini inapotea mapema inakuwa kama nyeusi tu. Kwa maji yako anza na kijani cha tikiti kwenye mnyoo, mweusi kwa chura maana toka chini anaona kivuli tu, nyeupe kwenye spinabaiti. Rangi tatu. Zile nyingine wape watoto wachezee ila toa ndoana kwanza.

ChubwiNzito:
Na chubwi, kama huko unakovua zile za madini ya risasi zimepigwa marufuku, Uingereza kwa mfano walizuia kuuza nyingi ndogo toka 1987 kwa ajili ya bata maji waliokuwa wanazimeza wakafa, basi tafuta ya tangsteni, madini mazito kuliko risasi. Ni ghali ila ni ndogo kwa uzito ule ule na ikigonga jiwe unaisikia mpaka mkononi, kwenye miti iliyozama mimi natumia hiyo tu.

MshipiMmoja:
Nimewaelewa wote. Fundo je, wa kusuka unateleza nikifunga kama nailoni.

Mama_Besi:
Kunja mshipi uwe mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida legevu kwa hicho kitanzi na mshipi wenyewe, halafu pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi ndo ukaze. Lilowanishe kwa mate kabla hujakaza, joto la msuguano linaudhoofisha mshipi, hasa nailoni na fluorokaboni. Kisha vuta kwa nguvu ukiwa bado nchi kavu.