Nani aliwaambia getDays() ya Java inahesabu siku zote? Nimechoka!

Wakuu, nina hasira na leo sifichi.

Kuna mfumo wa mikopo midogo tumerithi kwa developa aliyeondoka. Sharti lake jepesi kabisa: mteja akimaliza deni, akae siku 14 ndipo akope tena. Mama mmoja wa genge alimaliza lake 15 Januari 2024. Karudi 20 Machi, mfumo ukamkatalia: "Bado siku 9." Siku 65 zimepita! Mhudumu naye akamkomalia kwamba kompyuta haidanganyi. Mama wa watu akaondoka bila mtaji.

Nikafungua programu. Nakuta siku zinahesabiwa kwa Period.between(malipo, leo).getDays(), "malipo" ikiwa tarehe aliyomaliza deni. Basi.

Jamani, Period, kifaa cha Java cha kupima muda kati ya tarehe mbili, ina mafungu matatu: miaka, miezi, siku. Kati ya tarehe hizo inakupa miezi 2 na siku 5. getDays() inakutolea ile 5 tu. Miezi imebaki kwenye getMonths() ambayo hakuna aliyeigusa. Ukitaka jumla andika ChronoUnit.DAYS.between(malipo, leo), unapata 65. Mstari mmoja! Na java.time, maktaba ya tarehe yenye vifaa hivi, ipo tangu Java 8, mwaka 2014.

Majaribio ya programu ndiyo yamenichefua. Wameweka tarehe 1 na 11, kisha 1 na 21, mwezi uleule, yote yakapita, wakapongezana. Hakuna aliyevuka mwezi. Kwa hiyo aliyerudi baada ya wiki tatu anapewa, aliyesubiri miezi miwili anafukuzwa!

Ratiba ya marejesho nayo hivyohivyo. Mkopo wa 31 Januari 2024, mtu anaita plusMonths(1), yaani ongeza mwezi mmoja, inatoka 29 Februari, sawa. Halafu anaongeza mwezi mwingine juu ya hiyo 29, anapata 29 Machi. Siku mbili za mteja zimeliwa. Hesabu kila mara kutoka tarehe ya mkopo: plusMonths(2) inatoa 31 Machi.

Na anayekuja kuniambia "tumia Duration", kipimo kingine cha muda cha Java, asome kwanza. Siku ya Duration ni saa 24 kamili, na ukiipa LocalDate mbili, yaani tarehe tupu, inakurushia kosa hapohapo, maana hazina saa ndani.

Mlio na mifumo ya mikopo humu, itafuteni getDays() usiku huu. Mimi kesho asubuhi naenda pale gengeni kumwomba yule mama radhi.