Tupeane uzoefu: uoga wa damu na sindano, wewe ulipona vipi?

Wakuu habari zenu. Mimi nesi akifunga tu ule mpira mkononi moyo unaenda mbio, mara masikio yanaziba, jasho la baridi, macho giza, nazinduka niko chini. Vipimo vya damu nimevikwepa miaka 3 na daktari anavihitaji. Naomba waliopona waniambie walifanyaje, maana "jikaze" nimeambiwa sana.

Pole sana mkuu, nimepita humo humo. Mimi kujikaza ndiko kulikonisaidia ila ni kukaza misuli, sio roho. Mwanasaikolojia alinieleza kwamba hofu nyingine mapigo yanapanda tu, hii yetu presha inapanda halafu inaporomoka ghafla, damu haifiki vizuri kwenye ubongo ndo unazimia. Basi unakaza mikono, mapaja na tumbo sekunde 10 mpaka 15 hadi usikie uso umepata joto, unaachia sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, unarudia mara 5. Ni mbinu ya Lars-Göran Öst wa Uswidi, ya miaka ya 1980. Nilifanya kila siku nyumbani kabla hata sijasogelea sindano.

Nakazia hapo. Mimi nilianza na kuvuta pumzi taratibu na kulegeza mwili, nikazimia mapema zaidi! Baada ya kujua kukaza nikapanda ngazi moja moja: picha ya sirinji, video, kushika sirinji yenyewe, kuangalia mwenzangu akitolewa damu. Picha ya kwanza niliikodolea macho kama dakika 20 hadi hofu ikashuka yenyewe, nikiifunga kabla haijashuka kesho yake inanisumbua kuliko jana.

Kwetu hii ni ya ukoo, mama anazimia, mimi nazimia, na sasa mwanangu. Yeye anaogopa zaidi maumivu, kwa hiyo tunampaka krimu ya ganzi kama saa 1 kabla, imesaidia sana.

Asanteni sana jamani, nimejaribu hapa kwenye kiti na kweli uso umepata joto. Kesho naanza na picha. Sasa mkono unaochomwa nao naukaza?

Hapana, huo uache ulegee, kaza miguu na mkono mwingine. Na mwambie nesi mapema kwamba huwa unazimia, akutoe damu umelala, na usiinuke haraka.