Tupeane uzoefu: bunduki ya upepo ya kaliba gani inafaa kuwindia sungura?

Mkulima wa Usa River:
Wanajamvi, habari za jioni. Nimeleta mada hii kwa sababu nimekwama kati ya bunduki mbili, na kila ninayemuuliza ananijibu kwa ushabiki utadhani nimemuuliza habari za Simba na Yanga. Ya kwanza ni ya kaliba .177, yaani risasi yenye upana wa milimita 4.5, ya pili ni ya.22, ambayo ni milimita 5.5. Zote ni za springi, za kukunja mtutu (unaukunja ili kukaza springi, nayo ndiyo inayosukuma hewa), na bei zake zinakaribiana. Juzi muuzaji alinipigia simu akanisihi niachane na zote mbili nichukue .25 ya mtungi wa hewa, kwa kuwa eti "ukishampiga hahemi".

Nieleze kinachonifanya nisite. Nikiwa kijana, likizo zangu nilikuwa nazimalizia Kibosho kwa mjomba, ambaye alikuwa na bunduki ya upepo ya .177 iliyochoka, springi yake ikilia kama kitanda kibovu. Alfajiri moja nilimwona sungura pori amekaa ukingoni mwa shamba la kahawa, nikamlenga mwilini kwa kuwa ndipo palipokuwa papana. Nilisikia kabisa mlio wa risasi kumpata, kisha akaruka na kupotelea migombani. Tulimtafuta mpaka jua likawa kali, mjomba akitangulia na kufunua majani makavu moja moja kwa fimbo, tukaambulia matone matatu ya damu juu ya jani. Mjomba hakunigombeza. Aliichukua bunduki mkononi mwangu, na hakunipa tena mpaka nilipofunga begi kurudi shule. Hadi leo sijui kama kosa lilikuwa la kaliba, la bunduki iliyochoka au langu mwenyewe. Ninaomba waliozitumia wenyewe waeleze yaliyowapata, si waliyoyasikia. Naomba kuwasilisha.

Nimerudi Moshi:
Mkuu, kama umenizidi umri, shikamoo. Nilifanya kazi za shamba Uingereza kwa miaka sita kabla ya kurudi nyumbani, na huko sungura hahesabiwi kama kitoweo cha bahati. Ni adui wa ngano. Sheria yao ya mwaka 1880 inampa mwenye kulima haki ya kuwaua sungura walio kwenye ardhi anayoilima, na kule England bunduki ya upepo ya kawaida isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, ambazo ni kama jouli 16, haihitaji cheti cha silaha. Scotland wamebadilisha: tangu mwisho wa 2016 hata hiyo inahitaji cheti. Ninakitaja kiwango hicho kwa sababu ndicho kiini cha mjadala wote wa kaliba. Nguvu ikishawekewa kikomo cha jouli 16, huwezi kupata uzito na kasi kwa pamoja: risasi ya .177 yenye uzito wa nusu gramu hivi hutoka kwa mita 240 kwa sekunde, na ya .22 yenye uzito wa gramu moja hutoka kwa mita 175 au 180. Ile nyepesi hufika mapema kabla haijashuka sana. Ile nzito hukawia hewani, na muda wote huo inashuka.

Nilianza na .22 kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo mwenye shamba, nikawa nakosa mno huku nikiulaumu mkono wangu. Jumapili moja nilitundika karatasi kwenye marobota ya nyasi, nikairekebisha darubini mpaka risasi zikawa zinagonga katikati kwa mita 25, kisha nikarudi nyuma hadi mita 35 bila kugusa kitu kingine. Matundu yalishuka sentimita tano. Nikaazima .177 ya jirani, nikarudia vilevile, yakashuka sentimita mbili na ushee. Sasa fikiria kichwa cha sungura: sehemu inayomwangusha papo hapo, kati ya jicho na sikio, haizidi upana wa kizibo cha soda. Ukikosea kukadiria umbali kwa mita kumi, risasi ya .177 itapiga karibu na ukingo wa kizibo hicho, ya.22 itampiga taya, naye ataingia shimoni akafie huko kwa njaa. Na ikumbukwe kwamba sungura hutoka jioni, mwanga unapofifia, saa ambayo hakuna mtu anayeitofautisha mita 25 na 35 kwa macho matupu. Mimi nilikuwa nahesabu nguzo za ua.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa .177, ila kwa kichwa tu. Mwilini usithubutu, na hicho ndicho kilichokupata Kibosho.

Fundi wa Ngarenaro:
Hesabu za ndugu yetu wa Moshi ninazikubali, ila hukumu yake siikubali, kwa kuwa amesahau kutuambia bunduki zile zilikuwa na hali gani. Zinazofika mezani kwangu mara nyingi zimekwisha nguvu. Springi imelegea, au sili ya pistoni imekauka na hewa inavuja. Halafu mwenyewe, kabla hajaniletea, ameshatia mafuta ya cherehani kwenye silinda ili "irudishe nguvu". Mafuta yale huwaka kwa joto la mgandamizo, bunduki ikatoa moshi na mlio mkubwa, mwenye mali akafurahi kwamba imepona, kumbe sili inaungua na kila risasi inatoka kwa kasi yake. Katika hali hiyo kaliba yoyote ni kazi bure. Ya mjomba wako, mkuu, ningeifungua kwanza ndipo niilaumu.

Nikirudi kwenye swali: mimi nachagua .22, na sababu yangu ni mnyama mwenyewe. Sungura wa Ulaya anayezungumzwa hapo juu huchimba mashimo na ni mdogo. Sungura pori wetu halali shimoni. Hujilaza juu ya ardhi kwenye nyasi, ana miguu mirefu, na kwa kawaida ni mzito kuliko yule. Tundu la .22 lina eneo kubwa kuliko la .177 kwa karibu nusu nzima, na risasi nzito haipotezi nguvu upesi. Mara ya mwisho niliyotoka nayo, nikiwa na kibali, upande wa Longido, nilitambaa kwa tumbo karibu nusu saa mpaka nikabakiza mita 18, nikasubiri ageuze kichwa, akalala palepale bila kupiga teke. Kwa umbali huo kushuka kwa risasi hakukuhusu. Anayetaka kupiga kwa mita 35 aseme tu kwamba hataki kutambaa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Bunduki ya springi hupiga teke nyuma, kisha mbele, risasi ikiwa bado imo mtutuni. Ukiibana begani kwa nguvu kama unashindana nayo, kila risasi itakwenda kwake. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, iache icheze, halafu minya kifyatulio polepole. Na nunua makopo mawili matatu ya risasi za watengenezaji tofauti, zenye kichwa cha mviringo, uone mtutu wako unapenda zipi, maana hata bunduki mbili za aina moja huchagua. Zile zenye ncha kali zinauzika kwa sura yake tu.

Majuto ya Mtungi:
Nitasema machache. Niliinunua .25 ya mtungi kwa maneno yaleyale uliyoambiwa wewe. Inaua, sibishi, risasi yake ya milimita 6.35 ina gramu moja na nusu hadi mbili. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mtungi hujazwa hewa yenye mgandamizo wa zaidi ya angahewa 200, ambayo pampu ya tairi haiwezi hata kuisogelea, kwa hiyo ama ununue pampu yake maalumu ya mkono na uoge jasho, ama utafute wa kukujazia. Risasi zake nazo zilinigharimu kuliko ndogo, nikawa nazihesabu kama sukari, na mtu anayehesabu risasi hafanyi mazoezi. Isitoshe, risasi yenye nguvu hiyo humpita sungura na kuendelea na safari, na nyuma ya shamba langu kuna njia ya watoto wa shule. Ipo kabatini, imefungwa.

Msomaji wa Sheria:
Kabla muuzaji hajapiga simu ya pili, nenda kituo cha polisi ukaulize utaratibu wa kumiliki, kwa sababu silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Sungura pori naye ni mnyamapori: kumwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Habari za Uingereza za mwaka 1880 tuziache Uingereza.

Mama wa Tengeru:
Samahanini kaka zangu, mmezungumza mita na jouli, ila hakuna aliyemfikiria mpishi. Risasi hizo si ni za madini ya risasi? Niliwahi kuletewa sungura aliyepigwa mbavuni, nikakuta kipande kimepasuka ndani ya nyama na vumbi jeusi pembeni yake, nikakata sehemu kubwa nikatupa. Aliyepigwa kichwa ninamkaanga mzima nikamla na ndizi bila wasiwasi. Kwa hiyo mimi kaliba yangu ni ile itakayokuwezesha kupiga kichwa, iwe yoyote. Na mkimaliza kushika risasi hizo naweni kwa maji na sabuni kabla hamjashika chakula.

Mkulima wa Usa River:
Nawashukuru wote. Polisi nimekwenda, na suala la kibali nimelianza kwa afisa wanyamapori, kwa hiyo ndugu Msomaji atulie.

Wiki hii mmiliki wa bunduki zote mbili alinikubalia nizijaribu mbele yake, tukiwa na tuta la udongo nyuma. Nilibandika vizibo vya soda kwenye boksi la sabuni. Kwa mita 20, risasi kumi kumi, .22 iligonga vizibo nane na .177 saba, tofauti ambayo ni ya mkono wangu tu. Tuliporudi mita 35 bila kurekebisha kitu, .22 iligonga kimoja, nacho nadhani kwa bahati; .177 iligonga vinne. Kisha nikaenda shambani kwangu na kamba. Kutoka kwenye kibanda ninapoweza kukaa bila kuonekana hadi kwenye mstari wa mwisho wa maharage ni mita 21, na ng'ambo yake ni korongo. Nimechukua .22, nikapigilia vigingi vyeupe kwenye mita 25. Atakayekuwa ng'ambo ya vigingi hivyo ajilie zake. Muuzaji wa .25 nimemwomba asinipigie tena.

Jumamosi nilipanda Kibosho. Mjomba sasa ni mzee, alikuwa amekaa barazani na kikombe chake, nami nikasimama pale nilipopigia siku ile nikaanza kuhesabu hatua kuelekea ukingo wa kahawa. Hatua thelathini, arobaini. Nilipofika arobaini na sita nikasimama, nikiamini ndipo alipokuwa amekaa. Mjomba akaniita kutoka kule barazani: "Bado. Alikuwa mbele zaidi."