Nimechoka na wanasiasa wote, bado kuna sababu ya kwenda kupiga kura?

Mchovu wa Ahadi:
Wakuu habari zenu. Nina jambo linanisumbua kweli na naomba mnijibu bila kunishambulia. Nimepiga kura mara tatu mpaka leo. Mara ya kwanza nilikua na miaka 19, nikaamka usiku usiku nikapanga foleni, nikatoka pale na wino kidoleni najiona mtu mzima kabisa, na niliyempigia alishinda, afu nikaja kumwona tena kwenye kampeni iliyofuata. Mara ya pili nikampa mpinzani wake, naye akaingia akawa yule yule. Mara ya tatu nilienda kwa sababu mama alinisukuma tu. Sasa uchaguzi unakuja tena na moyo haunipeleki. Sio uvivu jamani. Naona nikipiga kura ni kama naweka sahihi kwenye kitu nisichokiamini. Na kukaa nyumbani si ujumbe pia? Wakiona vituo vitupu si watashtuka?

Mama Subira:
Mwanangu pole, uchovu wako naujua, mimi nina umri wa kukuzaa na nimedanganywa mara nyingi kuliko wewe. Ila hawatashtuka. Zinahesabiwa kura zilizopigwa, zile ambazo hazikupigwa hakuna anayezihesabu. Kwenye eneo la watu 1,000 wakienda 300 tu, mwenye 160 anaapishwa na mshahara wake ni ule ule kama angepigiwa na wote. Afu jiulize hao 300 ni kina nani, ni wale waliobebwa na magari ya chama, wanaosubiri kitu na wenye ndugu kwenye ukoo wa mgombea. Wao hawachoki. Yani wewe uliyefungua macho ndo unatoka, unawaachia kina hao wakuchagulie, na sheria atakazopitisha zitakubana na wewe uliyebaki nyumbani.

SipigiTena:
Mama Subira shikamoo, nakuheshimu ila hapo sikubaliani. Mnatuambia kura ni sauti yetu, sawa, je ikichakachuliwa inakua sauti ya nani? Mtu anajua kabisa mchezo umeshapangwa, bado anajaza foleni, afu kesho yake wanasimama kusema tazameni wananchi walivyojitokeza kwa wingi, wanatuamini. Wingi wetu ndo wanautumia. Kususa kunauma bwana. Kenya 2017, mahakama ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti, wa marudio mwezi wa 10 upinzani ukasusa, waliojitokeza wakashuka mpaka chini ya asilimia 40, rais Uhuru Kenyatta akapata asilimia 98 na bado nchi haikutulia, mpaka Machi 2018 ikabidi yeye na kiongozi wa upinzani Raila wapeane mikono. Kwahiyo msiseme kutopiga kura hakuna maana, mi nimeamua na nina amani na uamuzi wangu.

Wakala Mstaafu:
SipigiTena mfano wako ni mzuri ila angalia vizuri, kule walisusa kwa pamoja, kulikua na kiongozi, na madai yalikua yanajulikana. Hicho ni kitu kingine kabisa na mtu mmoja kulala kwake siku ya uchaguzi. Na hata huko kususa kwa pamoja kuna gharama: Venezuela 2005 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa wabunge, matokeo yake bunge zima likabaki la upande wa rais Chavez, wakakaa miaka mitano nje wakiangalia sheria zinapitishwa bila wao.

Kuhusu wizi, mi nimekua wakala kituoni chaguzi mbili kwahiyo sikwambii hakuna wizi. Nakwambia wizi unakua rahisi penye watu wachache. Malawi 2019 fomu za matokeo zilikutwa zimefutwa kwa ule wino mweupe wa kusahihishia, watu wakaandamana miezi na miezi, Februari 2020 mahakama ikafuta matokeo, Juni wakarudia na mpinzani Chakwera akashinda. Sasa kama watu wangekua hawakupiga, majaji wangefuta nini? Gambia nako wanapiga kura kwa gololi, unaidumbukiza kwenye pipa la mgombea wako kengele inalia, na kwa gololi hizo hizo 2016 walimwangusha rais Jammeh aliyekaa miaka 22. Aligoma kutoka, ndio, ila majirani zake wa Afrika Magharibi walipata pa kusimamia kumtoa kwa sababu matokeo yalikuwepo.

Na anayesema kura moja haina kitu akasome Zanzibar Januari 1961. Jimbo la Chake Chake chama cha ASP (Afro-Shirazi) kilishinda kwa kura 1. Moja! Kiti hicho ndo kiliwafanya wawe na viti 10 dhidi ya 9 vya wapinzani wao ZNP, hakuna aliyepata wingi wa kuunda serikali, mambo yakakwama, uchaguzi ukarudiwa Juni.

Mchovu wa Ahadi:
Nashukuru wote. Wakala, je nikienda nikaharibu kura makusudi, niandike yangu ya moyoni kwenye karatasi? Hapo si nitakua nimeshiriki na nimekataa?

Wakala Mstaafu:
Nikwambie nilichokiona. Msimamizi anaifungua, anatuonyesha mawakala, tunakubaliana imeharibika, inawekwa pembeni, basi. Ulichoandika hakuna anayekisoma kwa sauti, na wanakuchanganya na mzee aliyekosea kuweka alama. Nchi nyingine wameliweka kisheria, India tangu 2013 kuna sehemu ya kuchagua "hakuna hata mmoja kati yao" ila hata ikiongoza anayefuata ndo anachukua kiti. Colombia ndo wana meno, kura tupu, yani za wasiomtaka mgombea yeyote, zikipita nusu uchaguzi unarudiwa na wagombea wale wale hawaruhusiwi. Kama kwenu hakuna sheria kama hiyo unajisumbua.

Neema K:
Dada au kaka samahani, mbona wote tunaongelea rais tu? Kule juu kura yako ni moja kati ya mamilioni sawa, ila diwani anapita kwa tofauti ya kura kumi, ishirini, na ndo huyo anaamua mambo ya barabara ya mtaani na zahanati. Mi rais nilishakata tamaa naye, diwani sijamwachia.

Mchovu wa Ahadi:
Neema hapo umenigusa, sikuwahi hata kufikiria, diwani wangu huwa namwekea alama kwa kufuata chama tu na jina lake silijui. Ya rais bado sijashawishika, sitadanganya. Ila la udiwani nitaenda. Tatizo nilihama mwaka jana, jina langu liko kule kule kwa zamani.

Mama Subira:
Wahi mwanangu, usingoje wiki ya mwisho. Daftari likishafungwa hata ulie hawakuhamishi.